Jinsi ya kufuatilia maisha ya ofisa wa mgambo aliyekuwa pia hakimu: mfano wa Prince Rivers wa South Carolina

Historia kubwa humtaja kwa mstari mmoja tu ofisa wa mgambo na hakimu wa mji mdogo wa karne ya 19, tena ikiwa itamkumbuka kabisa. Hata hivyo mtu wa namna hiyo aliacha makaratasi mengi kuliko jirani yake mkulima, maana kila cheo kilidai karatasi zake: barua ya uteuzi, orodha ya askari, hati za kiapo, daftari la kesi, hesabu ya bunduki. Kazi ngumu ni kwamba makaratasi hayo yametawanyika katika masjala tofauti, na yaliandikwa na watu tofauti kwa nia tofauti. Baadhi ya walioandika walikuwa maadui zake wa wazi.

Mwongozo huu unafuata mtu mmoja halisi, Prince Rivers wa South Carolina, Marekani. Alizaliwa mtumwa miaka ya mwanzo ya 1820. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini (1861 hadi 1865) alikuwa sajini katika rejimenti ya First South Carolina Volunteers. Mwaka 1868 aliketi katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, kisha akawa mbunge wa jimbo hadi 1874. Alikuwa na cheo cha jenerali katika mgambo wa jimbo, na hapohapo alikuwa hakimu wa mji wa Hamburg, ngazi ambayo Mtanzania angeiita mahakama ya mwanzo. Julai 1876 kazi zake hizo mbili ziligongana ndani ya juma moja, na watu wakauawa. Tumemchagua kwa sababu kumfuatilia ni kazi ngumu. Ukiweza kumfuatilia Rivers, kapteni mzungu wa Ohio ambaye baba yake alikuwa na shamba na hatimiliki hatakupa taabu.

Jedwali kwanza, hadithi baadaye

Kabla ya kutafuta chochote, fungua lahajedwali au daftari lenye safu sita: tarehe ya tukio, tarehe ambayo tukio liliandikwa, aliyeandika, cheo anachopewa mtu wako katika karatasi hiyo, mahali kwa jina la wakati ule, na ulipoiona karatasi hiyo, pamoja na namba ya jalada na ya ukurasa.

Safu ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowaponza. Kadi za utumishi wa askari wa kujitolea zilizoko Nyaraka za Taifa za Marekani, Washington, hazikuandikwa vitani. Makarani wa Wizara ya Vita walizinakili miaka ya 1890 kutoka katika orodha za awali, ili maombi ya pensheni yashughulikiwe haraka. Kwa hiyo kadi ni nakala, na karani aliyechoka aliweza kuusoma mwandiko vibaya. Kumbukumbu za kamanda wa Rivers, Kanali Thomas Wentworth Higginson, zilichapwa kama kitabu mwaka 1870, ingawa zinaeleza mambo ya 1862 hadi 1864. Ukiweka tarehe ya tukio peke yake, ushahidi wa siku ileile na kumbukumbu ya miaka baadaye vitaonekana vina uzito mmoja.

Safu ya nne, ya cheo, itakuokoa dhidi ya makosa ya heshima. Katika majimbo ya Kusini mtu aliyewahi kuwa hakimu mwaka mmoja aliitwa "Judge" hadi kaburini, na mwenye duka aliyewahi kuongoza kombania ya mgambo aliitwa "Colonel" na kila anayemdai. Andika cheo kama kinavyoonekana, kisha tafuta hati ya uteuzi. Hadi uipate, cheo hicho ni jina la heshima tu.

Majeshi matatu, masjala mbili

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na aina tatu za askari. Jeshi la kudumu lilikuwa la serikali kuu. Askari wa kujitolea waliandikishwa na majimbo lakini wakaapishwa katika utumishi wa serikali kuu kwa muda maalumu, mara nyingi miaka mitatu. Aina ya tatu ni mgambo, ambao ulibaki mali ya jimbo isipokuwa pale ulipoitwa rasmi na serikali kuu.

Utumishi ulio chini ya serikali kuu unatafutwa Washington. Utumishi wa mgambo wa jimbo unatafutwa katika nyaraka za jimbo. Prince Rivers sajini yuko Washington. Prince Rivers jenerali yuko Columbia, makao makuu ya South Carolina. Anayemtafuta jenerali huyo katika kadi za Washington hatampata, kisha ataandika kwamba cheo kilikuwa cha kubuni. Cheo kilikuwepo, ila masjala iliyotafutwa siyo yake.

Jambo jingine: wakati wa vita Mtu Mweusi hakupewa cheo cha uofisa ila kwa nadra sana. Usajini ndio uliokuwa mwisho wa ngazi kwa askari kama Rivers, na maofisa wa rejimenti yake walikuwa wazungu. Uofisa wake ulikuja baada ya vita, kupitia mgambo. Kwa hiyo ukikutana na maandishi yanayosema Rivers alikuwa kapteni au kanali mwaka 1863, yatilie shaka mara moja.

Faili la askari

Anza na hifadhidata ya bure ya askari na mabaharia wa vita hivyo inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani. Haitakupa maisha ya mtu. Itakupa jina, rejimenti, na cheo cha kuingia na cha kutoka. Hayo ndiyo unayohitaji ili kuagiza jalada kamili Nyaraka za Taifa, au kulisoma mtandaoni pale lilipokwisha pigwa picha.

Rejimenti za Watu Weusi zina mtego wake: zilibadilishwa majina. First South Carolina Volunteers iligeuzwa kuwa 33rd United States Colored Infantry tarehe 8 Februari 1864. Ukitafuta kwa jina la zamani peke yake, au jipya peke yake, utapata nusu ya habari. Tafuta kwa yote mawili, na katika jedwali andika jina lililotumika tarehe hiyo.

Jalada likifunguka, soma kadi moja moja, wala usirukie ya mwisho. Kadi ya maelezo ya askari hutoa umri, urefu, alikozaliwa, kazi yake kabla ya jeshi, mahali na siku ya kuandikishwa, na aliyemwandikisha. Kadi za kila miezi miwili husema kama alikuwepo au hakuwepo, na kama hakuwepo alikuwa wapi: hospitalini, kazi maalumu, rumande. Maneno madogo yaliyo chini ya kadi, kwenye sehemu ya maelezo mengineyo, ndiyo yenye utajiri. Angalia hasa:

- Kupandishwa au kushushwa cheo, pamoja na namba ya amri. Namba hiyo hukupeleka kwenye daftari la amri za rejimenti, ambako sababu huelezwa.
- Maneno kwamba askari alikuwa huru tarehe 19 Aprili 1861 au kabla yake. Hayo yanahusu mshahara. Sheria ya Julai 1862 iliwapa askari Weusi dola 10 kwa mwezi, dola 3 kati yake zikikatwa za nguo, wakati askari mzungu alipata dola 13 na posho ya nguo juu yake. Sheria ya Juni 1864 ilipowasawazisha, malipo kamili ya nyuma yaliwahusu kwanza waliokuwa huru siku hiyo ya Aprili 1861. Hivyo alama hiyo hukuambia kitu kuhusu hadhi ya mtu kabla ya vita. Lakini ipime kwa uangalifu, maana makamanda wengine waliwaapisha askari wao kwa namna iliyowasaidia kupata haki yao.
- Madeni ya vifaa vilivyopotea. Yanaonekana madogo, ila hukuonyesha askari alikuwa wapi bunduki au kigingi cha hema kilipopotea.

Umri usiuamini kwa kadi moja. Mtu aliyezaliwa utumwani mara nyingi hakuambiwa mwaka wake wa kuzaliwa, na karani alikadiria kwa macho. Kusanya umri kutoka kila karatasi, toa kila mmoja katika mwaka wa karatasi hiyo, kisha andika mwanzo na mwisho wa kadirio. Kwa Rivers, "miaka ya mwanzo ya 1820" ni kauli ya haki. Tarehe kamili ya kuzaliwa isiyo na karatasi nyuma yake ifutwe.

Picha nazo husomwa kwa njia hiyohiyo. Tarehe 1 Januari 1863, Tangazo la Ukombozi wa watumwa liliposomwa katika kambi ya rejimenti huko Port Royal, pwani ya South Carolina, bendera zilikabidhiwa kwa Sajini Prince Rivers na Koplo Robert Sutton, na wote wawili wakahutubia. Gazeti la picha la Frank Leslie la tarehe 24 Januari lilichapa mchoro wa mbeba bendera akihutubia. Maelezo ya mchoro yanamtaja kwa cheo cha sajini mbeba bendera. Kati ya wawili hao sajini ni mmoja, kwa hiyo Rivers ndiye aliyekusudiwa. Lakini hiyo ni hoja uliyoijenga wewe, na msomaji ana haki ya kuona ulivyoijenga. Wala uso uliochorwa na mchoraji wa gazeti si ushahidi wa sura yake.

Nyuma ya 1865

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza ya Marekani kuwataja kwa majina Watu Weusi wote. Katika sensa za 1850 na 1860 waliokuwa watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri na jinsia, bila majina yao. Kwa hiyo unahitaji daraja la kukutoa 1870 hadi kwa mmiliki, na daraja hilo hupatikana sehemu mbili.

Ya kwanza ni madaftari ya Benki ya Akiba ya Watu Huru, iliyoanzishwa Machi 1865 na kuanguka 1874. Ilikuwa na tawi Beaufort, Charleston na Augusta. Mteja alipofungua akaunti karani aliuliza alikozaliwa, alikokulia, mwajiri wake, mke, watoto, wazazi, ndugu, na kwa askari, rejimenti na kombania. Katika madaftari ya awali jina la mmiliki wa zamani nalo huonekana. Ya pili ni majalada ya Ofisi ya Watu Huru, idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1865: mikataba ya kazi, mashauri ya ujira, mgao wa chakula, ndoa zilizoandikishwa. Yote mawili yanasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukifungua akaunti, ingawa baadhi ya picha za tovuti hiyo hufunguka tu ndani ya vituo vyao.

Ukishapata jina la mmiliki, fuata wosia wake, orodha za mali baada ya kifo chake, rehani na hati za mauzo. Inauma kumtafuta binadamu katika orodha ya mali, katikati ya nyumbu na majembe, lakini mara nyingi hapo ndipo jina lake linapoandikwa kwa mara ya kwanza. Kwa Beaufort, kaunti ilipokuwa kambi ile ya Port Royal, jiandae kwa mapengo: kumbukumbu nyingi za mahakama za kaunti hiyo za kabla ya vita zimepotea. Pengo hilo huzibwa kwa karatasi za familia za wamiliki zilizohifadhiwa vyuoni na katika vyama vya historia.

Ramani ya wakati ule

Mji wa Hamburg ulikuwa kwenye ukingo wa Mto Savannah, mkabala na Augusta iliyo upande wa Georgia. Mwaka 1870 mji huo ulikuwa ndani ya Kaunti ya Edgefield. Machi 1871 bunge la jimbo liliunda Kaunti ya Aiken kwa kumega Edgefield na kaunti jirani, na Rivers mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Basi sensa ya 1870 itafute Edgefield, na ya 1880 itafute Aiken. Mkutano wa katiba wa 1868 unamwonyesha kama mjumbe wa Edgefield, na baadaye anakuwa mbunge wa Aiken. Asiyejua kaunti ilivyomegwa hudhani mtu alihama, kumbe uliohama ni mpaka.

Leo Hamburg haipo tena. Eneo lake liko upande wa North Augusta. Kuna athari ya kiofisi pia: hati za ardhi za kabla ya Machi 1871 zinabaki Edgefield, za baadaye ziko Aiken, na mirathi na kesi vivyo hivyo. Ofisi ya Aiken ikikujibu kwamba haina kitu cha 1869, imesema kweli.

Mgambo wa jimbo

Baada ya vita gavana Robert K. Scott alijenga mgambo ambao kombania zake nyingi zilikuwa za Watu Weusi, kwa kuwa wazungu wengi walikataa kutumika pamoja nao. Kwa utafiti wa ofisa wa mgambo huo, omba katika Idara ya Nyaraka na Historia ya South Carolina vitu vitatu: karatasi za magavana (Scott, Moses na Chamberlain), kumbukumbu za mkuu wa utumishi na ukaguzi wa mgambo, na taarifa za mwaka zilizochapwa kwa ajili ya bunge. Katika barua kwa gavana utakuta maombi ya bunduki na risasi, malalamiko ya majirani, na sahihi ya ofisa mwenyewe.

Ukiomba kwa barua pepe usiandike "nataka kila kitu kuhusu Rivers". Andika jina, kaunti, miaka, na aina ya karatasi, ombi moja kwa barua moja. Mtunza nyaraka akijibu kwamba sanduku halijafanyiwa orodha ya majina, uliza ni folda gani za miezi gani zinahusu kaunti yako, kisha agiza hizo tu.

Hapa kuna swali ambalo lazima liulizwe kwa kila ofisa wa mgambo: je, kombania ilikuwepo kwenye uwanja wa gwaride au kwenye karatasi tu? Linganisha hesabu ya bunduki zilizotolewa na orodha ya majina. Palipo na bunduki zilizopokelewa kwa sahihi, palikuwa na ghala na mtu wa kuulizwa juu yake.

Hakimu

Mahakimu wa ngazi ya Rivers waliteuliwa na gavana kwa idhini ya Seneti ya jimbo. Kwa hiyo uteuzi wao unafuatiliwa katika kumbukumbu za gavana, za katibu wa jimbo, na katika majarida ya vikao vya Seneti. Usipoteze muda kutafuta matokeo ya kura. Katika majimbo mengine hakimu wa mtaa alichaguliwa na wananchi. Soma katiba ya jimbo husika ya mwaka husika kabla ya kuanza.

Madaftari ya mahakama hizi ndogo ndiyo maumivu ya kudumu ya utafiti huu. Hakimu alihukumia dukani au sebuleni, daftari likakaa nyumbani kwake, akifa likaishia jikoni. Njia ya kuzunguka ni kupanda ngazi. Kila kesi iliyozidi uwezo wake ilipelekwa mahakama ya juu ya kaunti pamoja na hati: lalamiko, hati ya kukamata, dhamana, majina ya mashahidi. Karatasi hizo zikahifadhiwa na karani wa kaunti. Tafuta pia madai ya malipo aliyopeleka kwa makamishna wa kaunti, kwa sababu hakimu alilipwa ada kwa kesi na orodha ya ada ni orodha ya kazi. Na angalia uchunguzi wa vifo: hakimu wa mtaa mara nyingi alifanya kazi ya mchunguzi wa vifo, akaita juri na kuwaapisha mashahidi.

Julai 1876: pale vyeo viwili vilipogongana

Tarehe 4 Julai 1876, siku ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani, kombania ya mgambo iliyoongozwa na Kapteni Dock Adams ilikuwa ikifanya gwaride katika mtaa wa Hamburg. Vijana wawili wa kizungu, Thomas Butler na Henry Getzen, walifika na kigari cha farasi wakataka kupita katikati ya askari. Baada ya kutupiana maneno walipishwa. Baba yake Butler akapeleka lalamiko kwa hakimu wa mji kwamba mgambo wameziba njia ya umma. Hakimu huyo ndiye Prince Rivers.

Tazama alivyobanwa. Mshtakiwa ni kapteni wa mgambo, na hakimu ni jenerali wa mgambo uleule. Siku ya kwanza ya kusikiliza shauri, Adams aliongea kwa ukali, Rivers akamtia katika kosa la kudharau mahakama na kuahirisha kesi hadi tarehe 8. Siku hiyo Matthew C. Butler, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini, alifika kama wakili wa walalamikaji, na mji ukajaa wazungu wenye silaha. Adams na watu wake, wakihofia roho zao, hawakwenda mahakamani. Walijifungia katika jengo walimoweka silaha. Butler akadai wasalimishe bunduki. Rivers alijaribu kusuluhisha akashindwa. Risasi zikaanza, mzungu mmoja, McKie Meriwether, akauawa, na mzinga ukaletwa kutoka Augusta. Watu Weusi sita waliuawa. Wanne kati yao walikuwa tayari wametekwa, wakatolewa mmoja mmoja usiku na kupigwa risasi.

Mtafiti afanye nini na siku kama hii? Kwanza, asome ushahidi wenyewe. Kamati ya Seneti ya Marekani ilihoji mashahidi kuhusu South Carolina ya mwaka huo, na maelezo yao ya kiapo yalichapwa kama waraka wa Seneti namba 48 wa Kongresi ya 44, kikao cha pili, katika juzuu tatu. Dock Adams ni mmoja wa waliohojiwa, na maelezo yake ni marefu. Mwanasheria mkuu wa jimbo, William Stone, naye alikwenda Hamburg mara moja na kumwandikia taarifa gavana Daniel Chamberlain kabla juma halijaisha. Taarifa hiyo iliandikwa siku chache baada ya damu kumwagika, na ushahidi wa Seneti baada ya miezi. Hapo ndipo safu yako ya pili inapofanya kazi.

Pili, tenganisha maswali. Chukua karatasi moja kwa kila swali dogo: Nani alikuwa barabarani kwanza? Upana wa njia ulikuwa kiasi gani, na kigari kingeweza kupita pembeni? Rivers alisema nini kwa Adams, na kwa Butler? Aliongea kama hakimu au kama jenerali? Chini ya kila swali andika jibu la kila shahidi na namba ya ukurasa. Usichanganye mashahidi watatu ukapata maelezo moja laini, kwa sababu ulaini huo utakuwa umeutengeneza wewe. Mashahidi wa pande zote wakikubaliana juu ya jambo linalowaumiza, lichukue kwa uzito mkubwa.

Tatu, fuata kesi hadi mwisho wake. Rivers, huku mji wake umevurugwa, aliendesha uchunguzi wa vifo kama sheria ilivyomtaka, na juri ikawataja wazungu wengi kuwa wahusika, akiwemo Matthew Butler mwenyewe. Vitabu vinatofautiana idadi ya waliotajwa, kwa hiyo nenda kwenye uamuzi wa juri uhesabu majina. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Butler alikwenda kuwa seneta wa Marekani, akakaa hadi 1895. Hakimu huyu alitimiza wajibu wake hadi ukomo wa uwezo wake. Walioachia jambo lianguke walikuwa ngazi za juu yake. Wasifu wowote wa Rivers usiosema hivyo waziwazi umemdhulumu.

Magazeti

Maktaba ya Kongresi ina mkusanyo wa bure wa magazeti ya zamani mtandaoni, likiwemo Edgefield Advertiser, na Georgia ina mkusanyo wake ambao ni muhimu kwa sababu ya Augusta. Jina "Prince Rivers" linasumbua kwenye mashine za kutafutia, kwani maneno yote mawili ni ya kawaida katika Kiingereza na utaletewa wana wa wafalme na mafuriko ya mito. Weka jina lote ndani ya alama za nukuu, bana miaka na jimbo, kisha jaribu "Trial Justice Rivers" (ndivyo hakimu wa ngazi yake alivyoitwa), "Gen. Rivers" na "P. R. Rivers". Kapteni Adams mtafute kama Dock na kama Doc. Tukio lenyewe litafute kwa neno "riot" (ghasia), ambalo magazeti ya wazungu yalilipenda kwa kuwa liligawa lawama sawa, na kwa neno "massacre" (mauaji ya halaiki).

Gazeti la adui halitupwi. Linafaa kwa tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria, bei na ratiba za mahakama, maana mhariri hakuwa na faida ya kudanganya kuhusu hayo. Halifai kwa tabia ya mtu. Dhihaka dhidi ya hakimu Mweusi iandike kama habari kuhusu gazeti.

Pensheni na miaka ya mwisho

Jalada la pensheni likipatikana mara nyingi hupita yote mengine kwa utajiri. Pensheni ya serikali kuu iliwahusu waliotumika chini ya serikali kuu, wajane wao, na watoto walio chini ya miaka 16. Utumishi wa mgambo wa jimbo peke yake haukumpa mtu pensheni hiyo. Sheria ya Juni 1890 ililegeza masharti kwa waliotumika walau siku 90, hata kama ulemavu haukutokana na vita. Rivers alifariki 1887, kwa hiyo chini ya sheria hiyo hutafuti maombi yake. Tafuta ya mjane na watoto. Kwa kuwa ndoa za utumwani hazikuwa na cheti, wajane wa askari Weusi walithibitisha ndoa zao kwa mashahidi. Mashahidi hao walieleza nani alifungisha, shamba gani, mbele ya nani. Jalada ambalo mkaguzi maalumu alitumwa kulichunguza ndilo nene kuliko yote; ukiona dalili hiyo, agiza kurasa zote na si dondoo.

Baada ya 1877 utawala wa jimbo ulirudi mikononi mwa wazungu wa chama cha Democrat, na watu kama Rivers walisukumwa nje ya ofisi. Rivers alirudia kazi ya kuendesha magari ya farasi aliyokuwa akiifanya utumwani. Kwa kipindi hiki acha karatasi za serikali, nenda kwenye sensa ya 1880, vitabu vya kodi, hati za mauzo ya viwanja kwa deni la kodi, na kumbukumbu za makanisa.

Unapoandika

Panga kwa miaka, na katika kila sehemu mtaje kwa cheo alichokuwa nacho mwaka huo: sajini vitani, mjumbe 1868, hakimu na jenerali 1876. Ukimwita jenerali tangu ukurasa wa kwanza, msomaji hataiona ngazi aliyoipanda. Penye pengo acha pengo, na useme ni la miaka gani.

Waliouawa waandike kwa majina kamili kama ulivyoandika jina la seneta: James Cook, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji, Allan Attaway, David Phillips, Hampton Stephens, Albert Myniart na Moses Parks. Majina haya yana tahajia zaidi ya moja katika karatasi. Chagua moja, itumie kote, na tahajia nyingine ziweke mara moja tu ili anayetafuta kwa jina hilo akufikie. Meriwether alijengewa mnara North Augusta mwaka 1916. Hao sita walisubiri hadi 2016 kupata alama yao, kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kati ya miaka hiyo miwili kwa kutegemea minara ya mji kimeona upande mmoja tu.